Kundi la Ndege na Msafara wa Satelaiti: Historia ya Elimu Iliyoazimwa kwa Viumbe

Tangu kale binadamu amejifanya mwanafunzi wa viumbe. Mvuvi hutazama ndege wanapopiga mbizi akajua samaki walipo, na mrina asali humfuata mlembe porini mpaka penye nyuki. Elimu hiyo haikuandikwa katika vitabu, walakini ilitegemewa kwa sababu ilikuwa imejaribiwa kizazi baada ya kizazi. Katika miaka sitini hivi iliyopita wataalamu wa hisabati na ufundi wameirudia shule hiyo ya zamani kwa haja mpya kabisa. Wamewatazama sisimizi njiani, ndege angani, na mageuko ya viumbe katika vizazi vyao, wakatunga kwa mfano wao taratibu za kukokotoa ziitwazo algoriti. Na miongoni mwa kazi walizozipa taratibu hizo ni ile ya kuongoza satelaiti mbili, tatu au zaidi, zinazoizunguka dunia pamoja kama msafara mmoja.

Historia ya jambo hili husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya ushindi: ndege alifundisha, mtu akajifunza, chombo kikaruka. Ukweli una mapindo zaidi. Makala haya yanakusudia kuonyesha ya kwamba elimu iliyoazimwa kwa viumbe ilikaribishwa upesi katika kazi ya kutafuta, lakini katika kazi ya kushika usukani ilisimamishwa mlangoni kwa muda mrefu. Na ya kwamba wale walioulinda mlango huo walikuwa na hoja ya haki.

Ili kulifahamu shauri hilo, hapana budi kuanza na ugumu wa safari yenyewe. Mtu aliyezoea bahari au barabara hudhani ya kuwa chombo kikitaka kumfikia mwenzake aliye mbele, ni kuongeza mwendo tu. Katika njia ya kuizunguka dunia, kanuni hiyo humpoteza mwenye kuifuata. Chombo kikisukumwa mbele hupanda juu zaidi. Na kikiisha kupanda, mwendo wake hupungua, nayo duara yake huwa ndefu, hata kikaachwa nyuma na yule kiliyekuwa kikimfukuza. Anayetaka kumfikia mwenzake aliye mbele huanza kwa kujirudisha nyuma, ateremke, apite njia fupi ya chini, kisha apande tena kwa wakati uliopimwa.

Somo hili lilijifunzwa kwa gharama. Mwezi wa Agosti 1962 Muungano wa Kisovyeti ulirusha vyombo viwili, Vostok 3 na Vostok 4, vikapishana kwa umbali wa kilomita 6 na nusu hivi. Lakini havikuwa na uwezo wa kubadili njia zao, na ujirani wao ulikuwa wa kitambo kama wa mawe mawili yaliyotupwa pamoja. Mwezi wa Juni 1965 mwanaanga wa Marekani, James McDivitt, akiwa ndani ya Gemini 4, alijaribu kulikaribia pipa la roketi yake mwenyewe lililokuwa likielea karibu. Alilielekea moja kwa moja kama rubani wa ndege afanyavyo. Na kadiri alivyolifuata ndivyo lilivyozidi kumponyoka, hata alipokwisha kutumia mafuta mengi akaamriwa kuacha. Miezi sita baadaye, tarehe 15 Desemba 1965, Gemini 6A iliifikia Gemini 7, ikakaa nayo kwa zaidi ya saa 4, na kwa kitambo vyombo hivyo vilikuwa mbalimbali kwa sentimita 30 tu. Kilichobadilika baina ya jaribio la kwanza na la pili hakikuwa nguvu za injini. Kilichobadilika kilikuwa ni hesabu na mazoezi.

Hesabu yenyewe ilikuwapo tayari. George William Hill alikuwa ameiweka misingi yake mwaka wa 1878 alipoandika juu ya mwendo wa mwezi, nao W. H. Clohessy na R. S. Wiltshire waliitengeneza upya mwaka wa 1960 kwa ajili ya vyombo vinavyokutana angani. Milinganyo yao humwezesha mtu kujiweka juu ya chombo kimoja na kumtazama mwenzake kana kwamba dunia haipo: amtazame akizunguka polepole, akienda mbele na kurudi nyuma, akipanda na kushuka, katika umbo la yai. Kila historia ya msafara wa satelaiti imesimama juu ya umbo hilo.

Satelaiti za mwanzo, hata hivyo, zilifanya kazi zikiwa peke yake. Satelaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka katika jukwaa la San Marco, katika bahari ya Malindi, na kupewa jina la Kiswahili kwa sababu siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilipima miale ya eksirei itokayo kwenye nyota bila ya mwenzi wala msaidizi. Ilifanya kazi kubwa. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na yako mambo ambayo chombo kimoja, hata kiwe kikubwa namna gani, hakiwezi kuyaona. Chombo kimoja hakiwezi kupima mahali pawili kwa wakati mmoja. Wala si rahisi kwake kuwa na urefu wa mita mia na zaidi, kwa kuwa mlingoti mzima wa namna hiyo haubebeki katika roketi kwa urahisi.

Ndipo wazo la msafara lilipopata nguvu. Mwezi wa Novemba 2000 Marekani ilirusha satelaiti EO-1 iifuate Landsat 7 katika njia ile ile, ikiwa nyuma yake kwa muda wa dakika 1, ili picha za vyombo viwili zilinganishwe. Mwezi wa Machi 2002 zilifuata satelaiti mbili za GRACE, kazi ya Marekani na Ujerumani, zilizofuatana kwa umbali wa kilomita 220 hivi. Chombo hicho hakikuwa na kamera ya kuitazama dunia. Kipimo kilikuwa ni ule umbali wenyewe baina ya satelaiti mbili: iliyotangulia ilipokaribia mahali penye uzito mwingi ilivutwa kidogo mbele, kisha mwenzake akavutwa kwa zamu yake, na badiliko hilo, ambalo huweza kuwa dogo kuliko unene wa unywele, likafasiriwa kuwa habari ya maji, barafu na miamba iliyo chini. Kwa vipimo hivyo, pamoja na vya satelaiti nyingine, Sean Swenson na John Wahr walitoa mwaka wa 2009 uchunguzi wao juu ya mizani ya maji ya Ziwa Victoria, ambalo kina chake kilikuwa kimeshuka sana katikati ya mwongo ule. Kwa hiyo mwendo wa vyombo viwili katika giza la juu si jambo la anasa kwa watu wa ziwani. Jozi ile ikienda kombo, hesabu ya maji yao nayo huenda kombo.

Wakati wahandisi wa anga wakiendelea na kazi hiyo, historia nyingine ilikuwa ikikua mbali nao. Mwaka wa 1964 mwanafunzi wa ufundi mjini Berlin, Ingo Rechenberg, alikuwa na ubao uliofanywa kwa vipande 6 vilivyoungwa kwa bawaba 5, na kila bawaba iliweza kukaa katika hali 51. Akautia ubao huo katika mkondo wa upepo, akataka kujua ni umbo gani linalozuiwa na upepo kwa uchache. Maumbo yaliyowezekana yalikuwa 345,025,251. Kuyajaribu yote ni kazi ya maisha mengi. Yeye hakuyajaribu yote. Alilibadilisha umbo kidogo kwa bahati nasibu, akapima, akalihifadhi badiliko lililofaa na kulitupa lisilofaa, kisha akaendelea, kama maumbile yanavyofanya kwa viumbe. Baada ya hatua mia chache ule ubao uliokuwa umekunjamana ukanyooka kuwa bapa, na hilo ndilo jawabu ambalo kila mjuzi wa upepo angalilitarajia. Thamani ya jaribio haikuwa katika jawabu, bali katika njia: utaratibu usiojua lolote juu ya upepo ulikuwa umefika pale pale alipofika mwenye elimu.

Huko Marekani John Holland wa Chuo Kikuu cha Michigan alikuwa akilifikiri jambo lililo karibu na hilo. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1975 alieleza jinsi majawabu ya swali yanavyoweza kuandikwa kama mfululizo wa tarakimu, mfano wa urithi uliomo ndani ya mbegu. Kisha majawabu mema yakaozwa, yakazaa, watoto wakarithi nusu huku na nusu huko, na mara chache wakageuka. Taratibu za namna hii zikaitwa algoriti za urithi.

Baada ya mageuko kukaja kundi. Mwaka wa 1987 Craig Reynolds alitaka kuchora kwa kompyuta ndege wanaoruka pamoja. Hakumwandikia kila ndege njia yake. Alimpa kila mmoja kanuni tatu tu: usimgonge jirani, elekea waelekeako jirani, usijitenge nao. Kundi zima likapinda na kugawanyika na kuungana tena bila ya kiongozi. Huko Brussels watafiti waliwawekea sisimizi wa Argentina daraja lenye njia mbili, moja fupi na moja ndefu, na mwaka wa 1989 wakatangaza ya kuwa sisimizi, kwa kufuata harufu iliyoachwa na wenzao, huishia kupita njia fupi: wapitao njia fupi hurudi upesi, harufu yao huongezeka, na wengine huvutwa nayo. Kutokana na jambo hilo Marco Dorigo alitunga algoriti ya sisimizi katika tasnifu yake mjini Milano mwaka wa 1992. Na mwaka wa 1995, katika mkutano wa Perth, Australia, James Kennedy, mjuzi wa nafsi na jamii, na Russell Eberhart, mhandisi wa umeme, walileta algoriti ya kundi la chembe. Ndani yake kila chembe ni jawabu linalotembea. Hukumbuka mahali pema kuliko pote palipopata kufikwa na yenyewe, hujua mahali pema kuliko pote palipofikwa na wenzake, nayo huvutwa na kumbukumbu hizo mbili kwa kadiri zinazobadilika kwa bahati. Ujuzi wa mmoja na ujuzi wa jamii hupimana katika kila hatua.

Historia hizi mbili, ya vyombo na ya viumbe, zilikutana penye swali moja la msafara: nani aende wapi, kwa njia ipi, na kwa mafuta kiasi gani? Satelaiti haichukui mafuta mengine baada ya kurushwa, isipokuwa kwa nadra sana. Msafara ukitakiwa kubadili umbo, kwa mfano kutoka mstari hadi duara, kila chombo lazima kipewe nafasi yake mpya. Vyombo 4 vinaweza kugawiwa nafasi 4 kwa namna 24; vyombo 10, kwa namna 3,628,800. Kila namna ina njia zake, kila njia ina saa zake za kuwasha injini, na katika njia hizo hakuna chombo kinachoruhusiwa kumkaribia mwenzake kupita kiasi. Tena haitoshi jumla ya mafuta iwe ndogo. Chombo kimoja kikitumikishwa kuliko wengine, kitakauka kwanza, na siku kikikauka msafara wote umevunjika. Basi mafuta yapungue, na mzigo ugawanywe kwa haki. Na matakwa hayo mawili mara nyingi hupingana.

Hesabu za kale hutatua vizuri maswali yenye bonde moja: mtu akishuka tu, atafika chini. Swali la msafara lina mabonde mengi, na mwenye kushuka katika lililo karibu hajui kama lipo jingine lenye kina zaidi nyuma ya kilima. Hapo ndipo kundi lilipoonyesha faida yake, kwa kuwa wengi waliotawanyika huona mabonde mengi kwa mara moja. Mwaka wa 2007 Dario Izzo na Lorenzo Pettazzi walieleza jinsi kila satelaiti iwezavyo kujipangia mwendo wake kwa mivuto na misukumo iliyofanana na ile ya makundi ya viumbe, hata umbo litakiwalo likajitokeza lenyewe. Mwaka wa 2010 Mauro Pontani na Bruce Conway walionyesha jinsi kundi la chembe linavyotumika katika kutafuta njia za angani. Mwaka wa 2013 Sun, Duan na Shi walilitatua swali la kubadili umbo la msafara kwa algoriti iliyochukua mfano wa kiumbe mwingine, naye ni mtu mwenyewe anaposhauriana na wenzake barazani. Na mwaka uliofuata Duan na Qiao wakatangaza algoriti iliyotokana na njiwa arudiye kwao kwa kufuata jua, mvuto wa sumaku ya dunia na alama za njiani.

Tena matunda ya elimu hii yalikuwa yamekwisha kuruka angani kwa njia ya pembeni. Mwezi wa Machi 2006 Marekani ilirusha satelaiti ndogo tatu za ST5 zilizosafiri kwa kufuatana. Kila moja ilikuwa na antena ndogo iliyopindapinda kama waya uliochezewa na mtoto, na umbo hilo halikubuniwa na mhandisi: lilizaliwa ndani ya kompyuta kwa vizazi vya majaribio na uteuzi. Njia ya satelaiti hizo ilipobadilishwa kabla ya safari, antena ya kwanza haikufaa tena. Mageuko yakaanzishwa upya, na antena nyingine ikapatikana kwa muda mfupi. Lakini na iangaliwe vema kilichotokea. Mageuko yalifanyika ardhini, antena ikapimwa ardhini, wahandisi wakaridhika, kisha kitu kilichokwisha kuthibitishwa kikarushwa. Uteuzi wa maumbile ulifanya kazi ya fundi katika karakana, usukani haukukabidhiwa.

Kwa nini usukani haukukabidhiwa? Sababu ya kwanza ni ahadi. Algoriti hizi hutafuta kwa bahati iliyoongozwa. Leo zitaleta jawabu jema. Kesho, kwa swali lile lile, zitaleta jingine, pengine jema zaidi, pengine sivyo. Wala haziwezi kuapa ya kuwa jawabu litapatikana kabla ya saa fulani. Sisimizi mmoja akipotea, kichuguu hakifi. Ndege mmoja akigongana na mwenzake, kundi huendelea. Maumbile hulipa gharama ya majaribio kwa wingi wa viumbe, lakini msafara wa vyombo viwili hauna wa kutolewa kafara: vikigongana mara moja, kazi ya miaka na fedha za mataifa vimekuwa vumbi. Hapa ndipo mfano wa viumbe unapokoma, na ni wachache waliousimulia mfano huo ambao walitaja mpaka wake.

Sababu ya pili ni kumbukumbu ya hasara. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5, katika safari yake ya kwanza, ilipotea njia na kulipuka kabla ya dakika moja kutimia. Ndani yake zilikuwamo satelaiti nne za Cluster, zilizokusudiwa kusafiri pamoja katika umbo la piramidi ili kuchunguza pepo za jua. Ilionekana ya kwamba sehemu ya programu iliyochukuliwa kutoka katika Ariane 4 ilikutana na tarakimu kubwa kuliko nafasi iliyotengewa, ikashindwa. Programu hiyo ilikuwa njema ilikotoka, lakini haikuthibitishwa kwa hali mpya. Satelaiti nyingine nne zilitengenezwa, zikarushwa mwaka wa 2000, zikafanya kazi kwa miaka mingi. Walakini wahandisi waliokuwa wakisikiliza habari za algoriti zisizoweza kuahidi, walikuwa na moto ule machoni.

Sababu ya tatu imo katika methali iliyojulikana na manahodha wa pwani kabla ya roketi: nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kundi lisilo na kiongozi hupendeza kwa kuwa halina mtu mmoja ambaye kifo chake ni kifo cha wote. Lakini chombo kinapokwenda kombo, lazima apatikane wa kuulizwa; na jambo lililotokea kwa makubaliano ya wengi ni gumu kulifuatia mpaka kwenye chanzo chake.

Basi misafara iliyofaulu iliongozwaje? Mwezi wa Juni 2010 ilirushwa misafara miwili katika muda wa siku 6. Tarehe 15 ulitoka wa PRISMA, wa Waswidi na wenzao, wenye vyombo viwili vilivyoitwa Mango na Tango. Tarehe 21 ikatoka TanDEM-X ya Ujerumani, kumfuata ndugu yake TerraSAR-X aliyetangulia mwaka wa 2007, ili waipime sura ya nchi kavu yote kwa pamoja wakiwa mamia ya mita tu mbalimbali. Usalama wa jozi hiyo ulitegemea kanuni moja ya jiometri. Jambo lililo gumu kulijua barabara katika mizunguko ni nani ametangulia na kwa kiasi gani; basi njia zilipangwa hivi, ya kuwa vyombo vinapokaribiana kwa ubavu, kimoja kiwe juu na kingine chini, na vinapolingana kwa urefu wa juu, viwe vimeachana kwa ubavu. Hata hesabu ya aliyetangulia ikikosewa kabisa, vyombo havigusani. Kanuni hiyo huweza kuthibitishwa kwa kalamu na karatasi. Haina bahati ndani yake, wala haitaji kiumbe chochote. Satelaiti nne za MMS, zilizorushwa na Marekani Machi 2015, zilifikia mwaka wa 2016 umbali wa kilomita 7.2 baina yao, na mageuzi ya njia zao yalipangwa ardhini. Nazo satelaiti mbili za Proba-3 za Ulaya, zilizorushwa kutoka India tarehe 5 Desemba 2024, zilijipanga mwaka wa 2025 kwa umbali wa mita 150 hivi, kwa usahihi wa milimita, moja ikilifunika jua kwa sahani yenye upana wa mita 1.4 ili nyingine ilitazame taji la jua, kana kwamba jua limepatwa kwa amri.

Liko jambo jingine linalowahusu hasa wanaoishi kwa maneno. Kadiri miaka ilivyopita, majina ya viumbe yalizidi kuongezeka: popo, vimulimuli, mbwa mwitu, nyuki, nyangumi. Kila jina lilidai kuwa ni mbinu mpya. Mwaka wa 1997 David Wolpert na William Macready walikuwa wamekwisha kuthibitisha ya kwamba, maswali yote yanayowezekana yakichukuliwa kwa jumla, hakuna mbinu ya kutafuta inayoishinda nyingine. Ubora wa mbinu hutokana na kulifahamu swali lililopo. Mwaka wa 2015 Kenneth Sörensen aliandika kuikosoa desturi ya kuficha hesabu ya zamani katika sitiari mpya. Na mwaka wa 2020 ilitolewa makala iliyozipima mbinu za mbwa mwitu, vimulimuli na popo, ikaona ya kuwa chini ya manyoya na mabawa yaliyotofautiana mlikuwamo mawazo yaliyokuwa yakijulikana katika kundi la chembe. Mmoja wa waandishi wake alikuwa Dorigo mwenyewe, yule aliyeleta sisimizi. Kwa hiyo shutuma hiyo haikutoka kwa mgeni asiyeipenda nyumba.

Sitiari ina kazi mbili. Kwanza humfungulia mtu mlango wa fikira: pasipo daraja la sisimizi, Dorigo asingeliandika alivyoandika. Kisha, mlango ukiisha kufunguka, sitiari hutakiwa kukaa kando ili hesabu ionekane. Ikikataa kukaa kando, huwa pazia. Msomaji huambiwa habari za mbwa mwitu wanaomzingira mnyama, akasisimka, akasahau kuuliza swali la pekee lenye maana: je, mafuta yalipungua kiasi gani kuliko kwa mbinu ya jana, na satelaiti hazikugongana? Kwa wanaotunga istilahi za Kiswahili jambo hili ni onyo. Wakitafsiri jina la mnyama bila kueleza kanuni iliyo chini yake, watakuwa wamehamisha pazia kutoka lugha moja hadi nyingine.

Je, mlango wa usukani umefungwa milele? Dalili zaonyesha kuwa unafunguliwa kidogo kidogo. Mwezi wa Julai 2023 Marekani ilirusha satelaiti ndogo nne zilizopewa jina la kwezi, ndege ajulikanaye Ulaya kwa makundi yake makubwa yanayogeuka angani kama moshi. Vyombo hivyo vilijaribu kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe, kujijua mahali vilipo kwa kutazamana, na kujipangia mageuzi ya njia pasipo kungoja amri kutoka ardhini. Haja ni ya kweli: misafara ikiwa na vyombo makumi na mamia, hakuna chumba cha watu kitakachoweza kuandika amri ya kila mmoja, na katika sayari za mbali amri huchelewa mno kufika. Njia inayoelekea kukubalika ni ile ya ndoa baina ya elimu mbili. Kundi la chembe au sisimizi hutafuta mpango mwema. Kisha kanuni ngumu ya jiometri, isiyojua bahati, huupima mpango huo na kuukataa ukiwa na hatari. Mtafutaji hupewa uhuru, na mlinzi hupewa neno la mwisho.

Mrina asali, tangu zamani, ameifahamu ndoa hiyo. Humfuata mlembe kwa kuwa mlembe huona mbali kuliko yeye. Walakini kabla ya kuupanda mti huutazama mwenyewe, kwani mlembe hawezi kudhamini tawi. Historia ya misafara ya satelaiti mpaka sasa haikuvuka sana mpaka huo. Viumbe wamemfundisha mtu kutafuta kwa werevu mahali ambapo macho yake hayafiki. Kudhamini, na kuulizwa ahadi ikivunjika, kumebaki kuwa mzigo wake yeye.